Muvi ya Gallagher iliyoitwa Platinum Blonde

Kuna muvi ya mapenzi ya mwaka 1931 inaitwa Platinum Blonde, imeongozwa na Frank Capra, studio ya Columbia, dakika kama 90 hivi, na mara ya kwanza nilivyoiangalia nilimaliza nikawa najiuliza hivi hii nimeangalia muvi ya nani. Jina la muvi ni la Jean Harlow, yule dada wa nywele nyeupe. Jina la kwanza kwenye orodha ya waigizaji ni la Loretta Young. Alafu mtu ambaye yuko karibu kila sini, anayeongea kuliko wote, anayefanya usinyanyuke hata kwenda kunywa maji, ni kaka mmoja anaitwa Robert Williams ambaye hata wapenzi wa sinema za zamani ukiwatajia wengi watakuuliza Williams yupi huyo.

Majuzi nimeirudia. Nimeirudia mara mbili ndani ya wiki moja, ya pili nimevaa hedifoni, na sasa nadhani naelewa huo mkanganyiko umetoka wapi. Kuna mambo kama matatu manne yamefungwa pamoja humo, mengine ya biashara, mengine ya ufundi, mengine ya mapenzi yenyewe, na yote yanakutana kwa huyo dada wa gazetini anayeitwa Gallagher, ambaye amechezwa na Loretta Young. Ila ngoja nianze na sauti, maana bila sauti hii muvi haipo.

The Jazz Singer, muvi iliyofungua mlango wa filamu za kuongea, ilitoka Oktoba 1927, na ndani ya miaka miwili mitatu sinema bubu Marekani ikawa imeshazikwa. Sasa watu huwa wanadhani kilichobadilika ni kwamba waigizaji walifungua midomo tu basi. Haikuwa rahisi hivo. Kamera za wakati ule zilikuwa na kelele kama cherehani, kwahiyo ikabidi ziingizwe kwenye vibanda vya kuzuia sauti, mpiga picha naye humohumo anachuruzika jasho, na maiki inafichwa kwenye chombo cha maua mezani, waigizaji wanajikusanya pale kama watu wanaota moto maana ukisogea hatua mbili sauti imepotea. Ndo maana filamu nyingi za 1928 na 1929 watu wamesimama tu, wanatamka neno mojamoja kama wanasoma tangazo la msiba redioni.

Kufika 1931 mafundi walikuwa wameshajipanga. Kamera imevalishwa kasha lake, maiki inaning'inia kwenye fimbo juu ya vichwa vya watu, mtu anaweza kutembea huku anaongea. Sasa swali likawa, aongee nini? Studio zilikuwa na watu wa kuandika vile vimaneno vifupi vya kuonyesha kwenye skrini, hazikuwa na watu wa kuandika mazungumzo ya binadamu. Wakaenda kuwatafuta sehemu mbili, kwenye majukwaa ya tamthilia New York na kwenye vyumba vya habari vya magazeti. Ben Hecht na Charles MacArthur, wote wawili waliwahi kuwa waandishi wa habari Chicago, walikuwa wameshaandika tamthilia inaitwa The Front Page, ikapanda jukwaani Broadway 1928 na 1931 ikawa filamu. Baada ya hapo kila studio ikataka mwandishi wa habari kwenye muvi yake, kofia imekaa kisogoni, sigara mdomoni, simu sikioni.

Na ukifikiria ina mantiki kabisa. Mwandishi wa habari ndo mtu pekee ambaye kazi yake ni kuongea haraka, na kipindi kile watazamaji walikuwa wamelipa hela wasikie watu wakiongea. Pili, ni mtu anayeruhusiwa kugonga mlango wowote, wa tajiri, wa mlevi, wa polisi, kwahiyo mtunzi akitaka kukutanisha watu wa ushuani na watu wa uswahilini hana haja ya kutunga ajali ya gari, anamtuma ripota tu. Tatu ni simu. Hii naisema kwa sababu ndo nilikuja kuiona vizuri mara ya pili, simu kwenye filamu za miaka hiyo inafanya kazi ambayo kwenye sinema bubu ilikuwa haiwezekani, mtu mmoja amesimama chumbani na tunasikia upande mmoja tu wa maongezi, upande wa pili tunaujaza wenyewe. Capra mwenyewe, mhamiaji kutoka Sicily aliyefika Marekani akiwa mtoto, aliwahi kuuza magazeti mtaani Los Angeles, kwahiyo hii biashara ya gazeti aliijua kuanzia chini, kwenye lami.

Haya, stori. Stew Smith, huyu ndo Robert Williams, ni ripota wa gazeti la Post. Mhariri wake, Conroy, ni mzee wa kufoka. Anatumwa nyumbani kwa akina Schuyler, familia ya hela za zamani, hela ambazo hakuna anayekumbuka zilitafutwaje. Mtoto wao wa kiume Michael ameshtakiwa na binti mcheza shoo kwa kuvunja ahadi ya kumuoa, na familia imeshamlipa yule binti ili anyamaze.

Hapa nisimame kidogo kwa sababu kuna watu wataona hili la kuvunja ahadi ya ndoa ni kichekesho cha sinema. Sio. Marekani ilikuwa kesi halali, mwanamke anaenda mahakamani kudai fidia kwa sababu jamaa alisema nitakuoa alafu akaingia mitini, na magazeti ya udaku yalikuwa yanakula humo, barua za mapenzi zinasomwa mahakamani kesho yake ziko ukurasa wa mbele. Majimbo yalianza kuzifuta kesi hizi 1935, Indiana ikitangulia na New York mwaka huohuo, na sababu kubwa iliyotolewa ni kwamba zimegeuka mtaji wa kutishia matajiri, yaani hichohicho tunachokiona kwenye muvi. Kwetu Tanzania kama hujui, Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 69 inaruhusu mtu kudai fidia kwa kuvunjiwa ahadi ya ndoa, kwahiyo usicheke sana.

Pale kwa Schuyler kuna wakili wa familia, Grayson, mtu wa kunong'ona. Kuna na ripota wa gazeti pinzani la Tribune, anaitwa Bingy, amechezwa na Walter Catlett, na Bingy akipewa dola 50 anachukua anasepa zake. Aliyewahi kufanya kazi chumba cha habari anaijua hii bahasha. Mimi nimewahi kukaa kwenye meza ya habari miaka michache, na nakumbuka siku ya kwanza kuona bahasha ya kaki inazungushwa baada ya semina, na kilichonishangaza sio hela, ni jinsi kila mtu alivyokuwa na aibu kidogo lakini mikono inafika palepale. Catlett ameigiza hiyo aibu ambayo haifiki kuzuia mkono, vizuri kabisa. Stew anaikataa dola 50. Sasa mtazamaji anasema aah, huyu ni mwadilifu. Ngoja kwanza. Dada wa familia, Ann, huyu ndo Harlow, anamsogelea, anamlegezea sauti, anamuomba kwa ajili ya mama yake asiandike. Stew anaonyesha kama amelainika, anamtazama machoni, anaitikia kwa kichwa. Alafu anaomba simu, na mbele yao, kwenye sebule yao, kwa simu yao, anampigia Conroy anamsomea stori yote.

Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu. Na hiyo simu ndo inakuambia muvi ni ya aina gani, huyu jamaa hatongozeki kwa macho, anatongozeka kwa maneno, na Ann hana maneno.

Kuna kipengele kingine hapo cha kazi ambacho nakipenda. Stew anarudi baadaye kwa sababu alipokuwa anaondoka alibeba kitabu cha mwandishi Joseph Conrad kutoka maktaba ya akina Schuyler, sasa anakirudisha. Na amekuja na kitu kingine, barua za mapenzi za Michael ambazo yule binti alikuwa amezificha akamue hela zaidi. Ann anataka kumlipa, anamwandikia hundi ya dola 5,000, pesa ambayo mwaka 1931 ni nyumba, na Stew anakataa. Ann haelewi, anauliza kama uliandika ile kesi kwa nini hukuandika na barua. Jibu lake ni fupi, ile ilikuwa habari, hizi ni utapeli wa kumtishia mtu. Sentensi moja tu lakini kuna wahariri wa leo wangebanwa hapo.

Ndo Ann anapoanza kumtamani, na hapa ujanja wa stori uko wazi kidogo, maana hampendi alivyo, anapenda atakavyokuwa akishamrekebisha. Anamwona kama kiwanja. Wanaoana kimyakimya, na kibaya zaidi kwa Conroy, habari ya harusi ya ripota wake mwenyewe inatoka kwanza kwenye gazeti pinzani.

Sasa nywele. Harlow, jina lake la kuzaliwa Harlean Carpenter, alikuwa na miaka 20, na hakuwa mali ya Columbia. Alikuwa na mkataba na Howard Hughes, yule bilionea wa ndege, aliyemtambulisha kwa watu kwenye filamu ya Hell's Angels mwaka 1930. Wakati ule wasanii walikuwa wanaazimwa kama wachezaji wa mpira, timu inakutoa kwa mkopo inakula hela ya mkopo wewe unabaki na mshahara wako uleule, hata Loretta Young naye hapa alikuwa wa mkopo kutoka studio nyingine. Watu wa Hughes walikuwa wanauza kitu kimoja tu kuhusu Harlow, ile rangi ya nywele, nyeupe kama madini ya platinamu, wakatangaza zawadi ya dola 10,000 kwa msusi atakayeweza kuipata rangi ileile. Hakuna aliyeipata hiyo hela. Madawa ya kupausha nywele yakauzwa lakini. Na muvi hii wakati inatengenezwa ilikuwa inaitwa Gallagher, jina la yule ripota wa kike, ikabadilishwa jina kwa ajili ya tangazo la nywele.

Yaani jina la muvi ni matangazo. Rudia kuiangalia ukiwa unajua hilo na kila kitu kinakaa mahali pake, kwa sababu yule ambaye jina lake liko kwenye bango ndo anayeshindwa, na yule aliyenyang'anywa jina ndo anayebaki na mwanaume.

Wachambuzi wengi wamesema waigizaji wamekosewa, kwamba Harlow ana sauti ya binti wa mtaani na kapewa kucheza tajiri, na Young ana uso wa binti mfalme kapewa kucheza mfanyakazi wa gazeti, ilibidi wabadilishane. Nilikuwa nakubaliana nao. Sasa hivi nakubali nusu. Harlow kweli anapata tabu, unamsikia anavyokanyaga maneno taratibu asije akateleza, kama mtu anayetembea na viatu vya kuazima. Lakini Ann naye ni mtu anayecheza nafasi, familia nzima ya Schuyler inacheza nafasi, kwahiyo ule ugumu wa Harlow unaangukia pazuri bila kukusudia. Na pale anapopunguza uigizaji, yupo kwenye mapaja ya mumewe anambembeleza avae mikanda ya kushikia soksi, anapendeza mno, unaelewa kabisa kwa nini Stew kaganda. Young kwa upande wake, miaka 18 tu, mtoto wa shule kwa umri wa leo, anafanya kitu ambacho nilikikosa kabisa mara ya kwanza, anasikiliza. Stew anaropoka, kamera iko kwa Stew, lakini angalia pembeni, Gallagher anasikiliza kila neno na sura inabadilika kidogo kidogo.

Gallagher ni mwandishi wa kike mwaka 1931, na hiyo yenyewe inataka maelezo. Magazeti ya Marekani yalikuwa na wanawake tangu zamani, ila wengi walibanwa sehemu mbili, ukurasa wa sherehe za matajiri, nani kavaa nini kwa nani, na stori za machozi, mjane wa kesi ya mauaji, mtoto aliyepotea, ambapo mwandishi kazi yake ni kumliza msomaji. Hata jina la utani la kazi hiyo lilikuwa la kejeli, dada wa kilio. Kuingia chumba kikuu cha habari kwenye meza za wanaume na kukubalika ilikuwa na bei yake, na bei ndo hii tunayoiona kwa Gallagher, ufanane nao. Hana jina la kwanza. Muvi nzima! Anaitwa kwa ubini tu kama wanavyoitwa wanaume, anakunywa nao, anataniwa nao, na Stew anamwita mshikaji wake wa kufa na kuzikana bila kujua anachomfanyia mtu roho yake. Ann amemsikia mumewe akimtaja huyu Gallagher siku zote akadhani ni mwanaume. Kuna pati pale kwenye jumba, wanampokea balozi wa Hispania, Gallagher anakuja kushika nafasi ya mwandishi wa kurasa za sherehe, kavaa gauni la jioni, Ann anatambulishwa, na unaona barafu inamwagwa sebuleni. Stew peke yake ndo haoni. Mwandishi mwenye jicho la kuona kila kitu cha watu, cha kwake hakioni.

Sasa tuje kwenye moyo wa muvi ambao kwa Kiswahili una neno lake tayari, marioo. Stew ameapa hataishi kwa hela za mke. Wiki chache baadaye amehamia kwenye jumba, ana mtumishi wa kumvalisha, ana soksi zenye mikanda. Conroy ameshamtania kwamba ni ndege kwenye tundu la dhahabu, na Bingy wa Tribune anakuja na ofa, gazeti lake litampa safu ya kuandika kwa sharti moja, chini aweke saini ya mume wa Ann Schuyler. Anamwita na jina la Cinderella wa kiume, yaani maskini aliyeinuliwa na ndoa ya kitajiri. Stew anamtandika ngumi, na kesho yake ngumi iko ukurasa wa mbele. Kwetu mwanaume kuhamia ukweni sio lazima iwe aibu, pwani bwana harusi anakaa fungate kwa kina mke na dunia haipasuki, kwahiyo kinachomuuma Stew tukiangalia kwa macho yetu sio nyumba ni ya nani. Ni saini. Mtu anayeishi kwa kuandika, umemnyang'anya jina lake chini ya stori, umembakizia nini? Na ukikumbuka muvi yenyewe imenyang'anywa jina lake, unaweza ukadhani waandishi wa skripti walijua kinachokuja.

Na skripti ina mikono mingi. Stori ya Harry Chandlee na Douglas Churchill, Jo Swerling, aliyekuwa mtu wa magazeti huko nyuma, akaiweka sawa kwa sinema, Dorothy Howell akapanga mtiririko, na mazungumzo akaandika Robert Riskin. Riskin na Capra ndo walikuja kutengeneza pamoja It Happened One Night mwaka 1934, tena ripota na binti wa tajiri, na hiyo ikabeba Oscar tano kubwa zote usiku mmoja. Ukiiangalia Platinum Blonde baada ya hiyo unaona ni kama daftari la rafu, wanajaribu, wanafuta. Lile jina la Cinderella wa kiume walikuja kulitumia tena 1936 kwenye Mr. Deeds Goes to Town, safari hii ripota wa kike ndo anambandika Gary Cooper.

Sini mbili za jumbani zinatosha kukuonyesha Capra alikuwa anafanya nini na sauti. Ya kwanza, Stew yuko kwenye ukumbi mkubwa wa marumaru, peke yake, hana cha kufanya, anaita. Sauti inarudi. Anaita tena, mwangwi unarudi, anafurahi kama mtoto amepata rafiki. Smythe, mtumishi mkuu wa nyumba, mzee wa shingo ngumu amechezwa na Halliwell Hobbes, anakuja kuona kuna nini, na badala ya kumkanya naye anaishia kujaribu. Hakuna muziki. Huwezi kufanya hiyo sini 1926, huwezi kuandika mwangwi kwenye kibao. Na inakuambia kila kitu kuhusu hiyo nyumba, ni nyumba ambayo mtu anayekujibu ni wewe mwenyewe. Ya pili ni hiyohiyo ya Smythe, anamweleza Stew kwamba watu wa hadhi yao huwa wanazuga tu nyumbani, kushika hiki kuweka kile, Stew anauliza anaweza kujifunza, na mzee kwa heshima zote anamwambia hapana, kuzuga kunataka kichwa chake, wengine wamezaliwa nacho. Mwaka 1931 watu wamepoteza kazi tangu soko la hisa lilivyoanguka Oktoba 1929, wanakaa kwenye viti vya sinema hawana shughuli kesho asubuhi, na mbele yao kuna mtu anafundishwa kukosa shughuli kama fani. Nadhani walicheka kicheko kichungu kidogo.

Ila kuna na sini ya bustanini inabidi niitaje, Ann na Stew nyuma ya maji yanayotiririka, Joseph Walker mpiga picha kaiweka kamera upande wa pili wa maji, unawaona wanabusiana lakini huwasikii vizuri, ni maji tu. Muvi inayoongea bila kupumua inanyamaza hapo. Nzuri sana kwa macho. Na ndo pekee wanapopatana, wakiwa hawaongei.

Stew anaandika tamthilia. Au anajaribu. Kafungiwa na raha zote hizo na kila anachoandika kinatokea nchi ya mbali ambayo hajawahi hata kuikanyaga, anakunja karatasi anatupa. Usiku mmoja familia imetoka, anampigia Gallagher, na Gallagher anakuja na nusu ya baa nyuma yake, jumba linageuka kilabu. Katikati ya fujo hizo anamuuliza tamthilia imefika wapi, anasoma, anamwambia kitu ambacho kila mwandishi anatakiwa kuambiwa na mtu anayempenda, kwa nini usiandike unachokijua. Andika hii ndoa. Wanakaa chini wanaanza. Hapo ndo mapenzi yanaanza kwa kweli kwenye hii muvi, watu wawili na mashine ya kuchapa, huyu anatoa sentensi huyu anaimalizia, na kama umewahi kuandika kitu na mtu unajua kwamba hiyo ni hatari kuliko maji ya bustanini.

Familia inarudi. Kelele, walevi kwenye ngazi. Stew anaomba radhi kwa vurugu ila anasema ana haki ya kuita rafiki zake nyumbani kwake. Na Ann anauliza tu, nyumbani kwako? Sio kwa ukali hata. Nilirudisha nyuma mara tatu nisikie anavyolisema, kwa sababu ndo neno ambalo Harlow kalitoa bila kukanyaga taratibu, limetoka lenyewe. Stew anafunga mizigo.

Kitu cha mwisho cha kueleza ni kwa nini mwisho wake uko vile, maana mtu wa leo anaweza asione ajabu yoyote. Grayson anamfuata kwenye chumba chake cha kupanga kumwambia Ann atamlipa matunzo baada ya talaka. Mke amlipe mume. Grayson anapata ngumi yake. Na papo hapo, talaka haijatoka, Stew bado ni mume wa mtu, anaishia mikononi mwa Gallagher na muvi inafurahi na sisi tunafurahi. Hollywood ilikuwa imeshaandika kanuni za maadili 1930 lakini ilikuwa karatasi tu, meno zilipata Julai 1934 Joseph Breen, mkuu wa ofisi ya kukagua filamu, alipokabidhiwa rungu, na kuanzia hapo huu mwisho ungerudishwa mezani, angalau wangeonyesha talaka imekamilika, angalau mtu apate adhabu kidogo. Platinum Blonde iliwahi lile dirisha.

Robert Williams alikuwa mtu wa jukwaani, miaka 37, na 1931 ndo mwaka wake wa kwanza wa maana kwenye sinema. Watu wa jukwaani wengi walikuja Hollywood na ile sauti ya kumfikia aliyekaa kiti cha mwisho. Yeye hapana, anaongea kama yuko kibarazani, anakatisha sentensi, anaangusha kichekesho bila kukisubiri kichekwe, kuna sehemu unaapa anatunga palepale. Ukimsikiliza kwa hedifoni na ukafumba macho, hasikiki kama 1931. Filamu ilitoka tarehe 31 Oktoba 1931. Yeye alifariki tarehe 3 Novemba, kidole tumbo kilipasuka, sumu ikaenea tumboni, na dawa za kutibu kitu kama hicho zilikuwa bado hazijapatikana. Siku tatu. Sijui kama kuna nyota aliyeanza na kuisha haraka namna hiyo, na ndo maana bango likabaki na nywele na orodha ikabaki na Loretta Young, mtu wa tatu hakuwepo wa kumdai mtu chochote.

Ukiitafuta, kuna kipande kidogo usikipite. Stew ametoka kwenye jumba, usiku, Gallagher yuko naye, na mtu mmoja wa mtaani anawaomba msaada. Stew anampa ile mikanda ya soksi.